Albamu ya kwanza ya roki progresivu: tubaki na saba yetu au tuigeuze nne?

"Mwalimu, shikamoo. Sisi ni bendi ya watu watano, hapa Mombasa. Tunapiga roki progresivu, ile ya nyimbo ndefu na mapigo magumu, na tunaimba Kiswahili. Tuna nyimbo nane za albamu yetu ya kwanza na tumelipia studio siku sita. Wimbo wetu mkuu unaanza kwa maneno 'Meli zote zimetoka'. Uko 7/8, yaani mapigo yanazunguka kwa hesabu ya saba, una dakika 11, na katikati tunaingia chakacha, ngoma yetu ya pwani. Prodyuza alikuja mazoezini akasema watu wa pwani hawachezi saba, kwa hiyo tugeuze nyimbo zote ziwe 4/4, hesabu ya nne ya kawaida, na zisizidi dakika nne, la sivyo hakuna atakayesikiliza. Mpiga dramu kasema tukigeuza, yeye anatoka. Mimi ndiye mwimbaji, na kusema kweli hata mimi wakati mwingine napotea. Je, tunaweza kubaki na ugumu wetu na bado watu wakaimba nasi? Na tutarekodije mapigo yanayobadilikabadilika bila kupoteza siku zote sita?"

Marahaba mwanangu. Katika yote uliyoandika, lililonishika zaidi ni lile ulilolipitia haraka: kwamba hata wewe mwimbaji unapotea. Umeutunga wimbo, umeufanyia mazoezi, na bado unapotea. Basi msikilizaji wa mara ya kwanza, aliye ndani ya matatu ya kwenda Kisauni na simu mkononi, ataipata wapi njia? Prodyuza wenu amesikia tatizo la kweli. Sababu aliyoitaja ndiyo siyo, na kwa hiyo dawa aliyowapa haitawafaa.

Tuanze na hilo la watu wa pwani na saba. Hao watu wa pwani wamelelewa na chakacha. Ngoma moja inagawa kipimo (mzunguko mmoja wa mapigo) mara mbili, nyingine inakigawa mara tatu, na mchezaji anaipokea mikato yote miwili kwa mwili mmoja bila kuhesabu chochote. Sikio lililozoea ngoma za msondo na chapuo halishindwi na ugumu. Kinachomshinda mtu ni kutojua pigo la kwanza liko wapi. Likifichwa pigo la kwanza, hata 4/4 itampoteza. Likionyeshwa wazi, saba ataifuata.

Kosa la pili la fikra liko upande wa mpiga dramu wenu, na namheshimu kwa msimamo wake. Anadhani melodi nyepesi ni usaliti. Mwaka 1982 kundi la roki la Uingereza liitwalo Asia lilitoa albamu yake ya kwanza. Waliokuwemo walitoka kwenye vikundi vigumu kuliko vyote: John Wetton alikuwa King Crimson, Steve Howe alikuwa Yes, Carl Palmer alikuwa Emerson, Lake & Palmer, na Geoff Downes alitoka The Buggles akapitia Yes. Albamu ile ina nyimbo tisa, hakuna unaofika dakika sita, na ilikaa nambari moja Marekani wiki tisa. Wapenzi wengi wa zamani waliona imelegezwa mno, na binafsi naona kuna mahali wana haki. Lakini kazi ya vidole haikupotea mle ndani. Iliwekwa chini ya sauti inayoimbika, na huo uwekaji ni ufundi wa kujifunza kama ufundi mwingine wowote.

Sasa tuingie ndani ya kazi. Mkono wa mwanamuziki una mambo matatu ya kugeuza: mapigo, koodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) na melodi. Msikilizaji hubeba jambo moja geni kwa wakati mmoja, mengine mawili yakiwa yametulia. Mapigo yakiwa saba, acheni koodi zizunguke mbili au tatu tu, na melodi ijirudie. Mkitaka kuhamisha ufunguo wa wimbo, yaani noti yake ya msingi, basi hapo dramu itulie. Nyimbo nyingi za bendi changa za mtindo huu huanguka kwa sababu mpiga kinanda anahama ufunguo katika kipimo kilekile ambacho dramu imetoka saba kwenda tano, huku mwimbaji akianza maneno mapya. Kila mmoja amefanya kazi nzuri, na kwa pamoja wamejenga ukuta.

Nitaita nusu pigo ile noti inayohesabiwa nane ndani ya 4/4. Kipimo chenu cha 7/8 kina nusu pigo saba, na nadhani mmezigawa 2+2+3, maana ndio mgawo unaowajia wengi. Mwambie mpiga dramu achague mahali pamoja pa snea (dramu ndogo yenye mlio mkali) na asipahame katika beti nzima: mwanzo wa lile fungu la tatu, yaani nusu pigo ya tano. Haihati, yale matoazi mawili yanayofumbana, ipige nusu pigo zote saba bila pambo. Mwili wa msikilizaji utashika umbo la "fupi, fupi, ndefu" baada ya vipimo vinne hivi. Snea ikihamahama, umbo hilo halijengeki, na hapo ndipo watu husema muziki hauchezeki. Mapambo yake ayaweke kwenye kila kipimo cha nane, na atakuwa na nafasi tele.

Ipo njia nyingine ambayo miguu inaipenda zaidi: kuifanya saba iwe ya mapigo kamili, 7/4, na dramu kubwa ipige kila pigo. Mwimbaji Peter Gabriel alifanya hivyo mwaka 1977 katika "Solsbury Hill", wimbo wa albamu yake ya kwanza baada ya kutoka kundi la Genesis. Mguu unatembea sawasawa, kinachopungua ni pigo moja mwishoni mwa msemo, na mwisho wa kiitikio anatulia kwenye nne. Wanamuziki wa Pink Floyd nao, katika "Money" ya mwaka 1973, waliimba juu ya saba, kisha gita lilipoanza kulia peke yake wakalifungulia 4/4, halafu wakarudi. Chukueni mpangilio huo: saba iwe nyumba ya maneno, nne iwe uwanja wa vyombo. Wengi hufanya kinyume chake.

Nije kwenye kupotea kwako, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu naamini ndipo pa kurekebishwa kwanza. Kiswahili hutia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho. Melodi ikiupeleka mkazo kwingine, neno linasikika kama limetamkwa na mgeni. Mstari wako "Meli zote zimetoka" una mizani nane, sawa na kipande cha shairi letu la kawaida: me-li-zo-te-zi-me-to-ka. Mikazo iko kwenye ME, ZO na TO. Ukiimba silabi moja kwa kila nusu pigo, silabi nane haziingii kwenye nafasi saba. Ile ya nane, "ka", inamwagikia pigo la kwanza la kipimo kinachofuata, pigo zito kuliko yote, nawe unaimba "zimetoKA". Mstari wa pili nao unaanzia nusu pigo ya pili, wa tatu nusu pigo ya tatu, na ukifika mstari wa nne hujui tena uko wapi. Kama mmetunga hivyo, kupotea kwako si udhaifu wa sikio.

Kipe kipande hicho vipimo viwili, yaani nusu pigo 14. Kipimo cha kwanza: "me" nusu pigo mbili, "li" mbili, "zo" mbili, "te" moja. Cha pili: "zi" moja, "me" moja, "to" mbili, "ka" tatu, na katika hizo tatu imba mbili, ya mwisho vuta pumzi. Hesabu utaona kila kipimo kimetimia saba, na mikazo yote mitatu imeangukia mwanzo wa fungu. Mshororo mzima wa mizani 16 utachukua vipimo vinne, na beti ya mishororo minne vipimo 16.

Mgawo huo hautafaa kila kipande. Neno la kwanza likiwa na silabi tatu, mkazo unahamia silabi ya pili. Tuseme mstari ni "Bahari haina mwenye". Hapo "ba" ianze kabla ya kipimo, kwenye nusu pigo ya saba ya kipimo kilichopita. Kisha "ha" mbili, "ri" moja, "ha" moja, "i" mbili, "na" moja. Kipimo cha pili: "mwe" nne, "nye" mbili, na ile moja iliyobaki ni ya kuanzia mstari ujao. Kaa na daftari, piga meza 2+2+3 kwa mkono, pitia mistari yote ya nyimbo nane namna hii. Ni kazi ya jioni mbili au tatu, na itaokoa siku nzima ya studio.

Kuhusu kuingia chakacha katikati, wazo lenu ni zuri sana na nisingependa mliache. Fanyeni nusu pigo ibaki na kasi ileile wimbo mzima, tuseme 240 kwa dakika. Kwa kasi hiyo 4/4 itakwenda mapigo 120, chakacha ya 6/8 itakwenda mapigo makubwa 80, na kipimo cha 7/8 kitachukua sekunde 1.75. Kutoka saba kwenda sita mnaangusha nusu pigo moja tu. 2+2+3 inakuwa 3+3, na lile fungu la tatu la mwisho linatangulia kumwandaa msikilizaji. Ikiwa kasi hiyo ni kubwa kwa mpiga msondo, shusheni wimbo wote badala ya kuvunja uwiano huo. Mwalikeni mpiga ngoma za asili mapema awaambie yeye.

Kisha kuna jambo ambalo huenda likamaliza ugomvi wenu na prodyuza. Vipimo vinane vya 4/4 vina nusu pigo 64. Gita likipiga kipande chake cha saba mara tisa, zinakuwa 63. Ongezeni nusu pigo moja ya kimya mwishoni, na gita na dramu wanakutana sawasawa kwenye pigo la kwanza. Basi katika kiitikio dramu, besi na sauti yako ziende nne za kawaida kabisa, na gita lizunguke saba juu yake mara tisa. Anayetaka kucheza atacheza. Anayetaka kuhesabu atahesabu. Kiitikio kimoja kwa kasi niliyotaja kitakuwa cha sekunde 16. Gita liwe na sauti nyembamba, noti fupi, na lisicheze kwenye eneo la sauti yako, maana likiwa nene litaivuta besi na kila kitu kitasikika kama makosa.

Mkiwa mnatia ladha ya taarabu, angalieni maqam (ngazi za noti za Kiarabu) mnazochagua. Hijaz inapigika kwa gita na kinanda bila shida. Bayati na rast zina noti zilizo katikati ya nusu toni, ambazo frati za gita, vile vyuma vya shingoni, hazina. Sauti yako, fidla na udi vitazipata, gita litabaki linapingana nanyi. Kinanda chenye uwezo wa kurekebisha noti moja moja kishusheni kwa senti 50 (robo toni) kwenye noti inayohusika: kwa bayati ya kuanzia noti re, noti hiyo ni mi. Gita katika sehemu hizo likae kwenye noti ya msingi na ya tano, au linyamaze.

Dakika 11 sizioni kuwa dhambi. Swali ni lini mtu anasikia kile atakachokumbuka. Kiitikio kikija mara ya kwanza dakika ya nne, wimbo ni mrefu hata ungekuwa wa dakika tano. Kileteni ndani ya dakika ya kwanza, au kabla ya dakika moja na nusu kufika, kisha nendeni mnakotaka na mkirudishe mwisho kwa koodi nyingine. Wimbo huo uwe wa mwisho kwenye albamu. Na tengenezeni toleo fupi la redio la dakika nne, ila lipangwe kabla ya kurekodi. Chagueni sehemu mbili zenye kasi moja na ufunguo mmoja, ambapo kisu kitapita. Hapo pigeni kituo, matoazi yaachwe yafe yenyewe kwa vipimo viwili. Wasiopanga hukuta toazi linalia juu ya mkato na ufunguo umepanda nusu toni, na hakuna fundi wa miksi anayeweza kuliziba hilo. Kumbukeni pia Spotify huhesabu usikilizwaji baada ya sekunde 30, kwa hiyo utangulizi wa upepo na mawimbi wa dakika nzima uwekeni kwenye wimbo mwingine.

Sasa siku sita. Zitatosha mkiingia na ramani. Katika programu ya kurekodi, andikeni kila wimbo sehemu kwa sehemu: idadi ya vipimo, aina ya kipimo, kasi. Juu ya ramani hiyo rekodini nyumbani sauti ya mwongozo na kinanda, halafu mpeleke mafaili ya WAV (sauti isiyobanwa) ya biti 24 na ramani yenyewe kama faili la MIDI linalobeba vipimo na kasi, kwenye diski mbili tofauti. Kliki, ule mlio wa kuhesabu mapigo kwenye hedfoni, isipige nusu pigo zote saba kwa nguvu moja. Inachosha na haisemi lolote. Mlio mzito uwe pigo la kwanza, mlio wa kati mwanzo wa kila fungu, kwingine kimya. Kila mabadiliko yatanguliwe na vipimo viwili vya kipimo kipya masikioni mwa mpiga dramu. Mwishoni mwa wimbo zimeni kliki kabla toazi halijafa, la sivyo mtaisikia ikivuja kutoka kwenye hedfoni. Na kabla ya yote, mazoezini, bendi nzima iimbe mapigo kwa mdomo bila vyombo: ta-ka, ta-ka, ta-ki-ta. Asiyeweza kuimba sehemu yake hataweza kuipiga chini ya maikrofoni.

Siku ya kwanza na ya pili ziwe za dramu na besi za nyimbo zote, pamoja na ngoma za chakacha. Unyevu wetu hulegeza ngozi, na kiyoyozi cha studio huikausha tena, ndiyo maana ngoma iliyotiwa sauti nje huwa imepanda baada ya muda mfupi ndani. Ziingizeni chumbani saa nzima kabla, mzitie sauti humo humo, na muikague sauti kila baada ya wimbo. Siku ya tatu gita na kinanda. Ya nne na ya tano ni zako, asubuhi sauti kuu, mchana waitikiaji, na usiimbe nyimbo zaidi ya mbili ngumu kwa siku. Ya sita ni ya kusahihisha. Miksi, yaani kuchanganya sauti za vyombo vyote, isifanywe katika siku hizo, masikio yatakuwa yamechoka. Mkifika kwenye masta, yaani matayarisho ya mwisho, sauti ya karibu LUFS -14 (kizio cha ukubwa wa sauti) na kilele kisichopita desibeli -1 inatosha kwa majukwaa ya mtandaoni. Muziki wenu una sehemu za kunong'ona na za kunguruma, na kuzikandamiza ziwe sawa ni kuua kilichowafanya mtunge dakika 11.

Je, kuna wimbo wa kutupa? Huenda. Kabla ya kurekodi, wape watu watatu wasio wa bendi wasikilize kila wimbo mara mbili, kwa simu tu. Kesho yake waombe wakuimbie chochote wanachokumbuka. Wakikumbuka kiitikio na kuimba mapigo ovyo, wimbo ni mzima. Wasipokumbuka hata noti nne, ujue melodi ndiyo haijakamilika, na kuigeuza saba kuwa nne hakutaisaidia. Nyimbo saba zilizokamilika ni albamu nzuri. Prodyuza akikuambia kuhusu wimbo mmoja maalumu kwamba hauna melodi, msikilize kwa makini kuliko anapowatajia watu wa pwani wote.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatoshi. Maqam mketi nazo na mpiga udi au fidla wa taarabu, ana kwa ana, hata mara moja. Ukipata sauti ya kukwaruza inayozidi wiki mbili, au mpiga dramu akisikia mlio masikioni usioisha siku ya pili baada ya mazoezi, nendeni kwa daktari wa masikio, pua na koo kabla ya studio. Mkataba wowote unaotaja nani mmiliki wa rekodi ya asili usomwe na wakili kabla ya sahihi. Kabla hata ya hapo, andikeni karatasi ya nani ametunga nini kwa asilimia, mtie sahihi wote watano, na kazi muisajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya.

Na prodyuza, mwombe saa mbili tu kabla ya siku ya kwanza. Mpelekee ramani, mwongozo, na kile kiitikio cha gita mara tisa juu ya nne. Mpigieni hicho kwanza, bila kumwambia kina saba ndani yake, mwangalieni mguu wake, kisha mumwonyeshe hesabu. Akiendelea kutaka nyimbo zote ziwe 4/4, mwulize kwa heshima kama yuko tayari kuwa fundi mitambo peke yake na kazi ya mpangilio iwe yenu. Akikataa, ulizeni masharti ya kurudishiwa malipo mapema, kabla siku ya kwanza haijaanza kuhesabiwa.